Padre Frederick Denison Maurice, Mwalimu wa Vitabu na Mkuu wa Chuo

Watu wengi wakisikia jina la Frederick Denison Maurice hukumbuka vitabu vyake vya dini, na zaidi kile alichokitoa mwaka 1838 juu ya Ufalme wa Kristo. Sisi twapenda kusimulia habari zake kwa upande mwingine, yaani upande wa ualimu. Kazi hiyo aliishika katika chuo kikubwa cha London, akiwafundisha vijana wenye nafasi vitabu vya lugha yao ya Kiingereza. Akaimaliza akiwa mkuu wa chuo cha mafundi waliokuja darasani jioni, mikono yao ingali na alama za kazi ya mchana. Na katikati ya mambo hayo mawili alifukuzwa.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1805, karibu na mji wa Lowestoft, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake, Michael Maurice, alikuwa mhubiri wa Waunitari, watu wanaomkiri Mungu mmoja bila kukubali fundisho la Utatu Mtakatifu. Nyumba ile ilikuwa na upendo mwingi, walakini haikuwa na umoja. Maana Frederick alipokuwa angali mtoto, dada zake wakubwa waliiacha imani ya baba yao, kisha mama naye akaiacha, wala hao walioiacha hawakushika wote njia moja. Hata waliandikiana barua za dini wakikaa chini ya dari moja, kwa kuwa kusema kwa kinywa kuliwatia uchungu. Basi mtoto alikua kati ya watu aliowapenda wote, nao hawakuweza kusali pamoja. Twadhani ndipo ilipotoka ile hamu yake ya maisha yote ya kutafuta lililo la watu wote, na ile chuki yake kwa vyama na mafarakano.

Mwaka 1823 alikwenda Cambridge, akasoma sheria, akafaulu vizuri sana. Lakini shahada hakuipata. Siku zile hakuna aliyepewa shahada pale asipokiri kwanza kwamba yu mtu wa Kanisa la Uingereza, naye moyoni hakuwa amefika huko. Kutia sahihi kungalimfungulia milango mingi ya riziki, na wengi walitia bila kufikiri sana. Yeye alikataa, akaondoka mikono mitupu, akaenda London kuandika katika magazeti. Mwaka 1828 akawa mhariri wa gazeti la Athenaeum. Baada ya miaka michache imani ilimjia kwa kweli. Akarudi kusoma, mara hii Oxford, akabatizwa mwaka 1831, na mwaka 1834 akapewa daraja takatifu. Tangu mwaka 1836 alikuwa padre wa hospitali ya Guy's huko London, akiwahudumia wagonjwa maskini na kusoma Biblia pamoja nao vyumbani mwao.

Hata mwaka 1840 aliitwa katika King's College, London, awe profesa wa vitabu vya Kiingereza na historia ya siku za karibu. Yafaa tueleze kidogo, maana leo jambo hili halishangazi mtu. Katika vyuo vya zamani vya Oxford na Cambridge wasomi walisoma Kilatini na Kiyunani. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani tu, haikudhaniwa kuwa somo la chuo. Vyuo vipya vya London ndivyo vilivyoanza kukifundisha, tangu mwaka 1828, na walimu wake walikuwa bado wanatafuta njia. Maurice aliwafundisha vijana kwa kuchagua kitabu fulani na kukaa nacho, darasa zima likikisoma kitabu kile kile, badala ya kupewa orodha ya majina ya watungaji na miaka yao. Walimu wanaowaandalia wanafunzi mtihani juu ya kitabu kilichowekwa huenda hawajui kwamba yeye ni mmoja wa waliouanzisha mtindo huo. Katika hotuba yake ya kwanza alieleza kwamba vitabu vya wazee humtoa mtu katika kifungo cha mawazo ya siku zake mwenyewe, vikamfunga na mambo yasiyopita. Tena aliona kwamba taifa lililogawanyika baina ya tajiri na maskini lina haja ya kitu ambacho wote waweza kukiita chao.

Walakini tusimpambe kupita kiasi. Wanafunzi wengine hawakumfuata hata kidogo. Alikuwa mwenye haya, na sentensi zake zilizunguka mbali kabla ya kufika mwisho. Vitabu vyake navyo vyasomeka kwa shida mpaka leo. Lakini wale waliovumilia walisadiki kwamba mtu huyu hasemi neno asilolishika kwa moyo wake wote, na kwa vijana jambo hilo lina nguvu kuliko ufasaha.

Mwaka 1846 aliongezewa uprofesa wa elimu ya dini katika chuo kile kile, akawa pia padre wa kanisa la Lincoln's Inn, mahali pa wanasheria. Miaka miwili baadaye alifanya jambo ambalo kwa maoni yetu lamtosha mtu mmoja hata kama asingalifanya lingine. Katika Uingereza ya siku zile mwanamke aliyeelimika kidogo, akikosa mali, alikuwa na kazi moja tu ya heshima, nayo ni kufundisha watoto majumbani mwa matajiri. Wanawake hao walilipwa kidogo, wakizeeka hawakuwa na kitu, na wengi wao hawakujua vizuri yale waliyoyafundisha, kwa kuwa wenyewe hawakufundishwa. Dada yake Maurice, Mary, alikuwa akishughulika na jambo lao. Basi mwaka 1848 Maurice na maprofesa wenziwe walifungua Queen's College, katika mtaa wa Harley, ili wanawake na wasichana wapate masomo ya kweli na hati za kuthibitisha elimu yao. Akawa kiongozi wake wa kwanza. Watu walicheka, wengine wakaogopa kwamba hesabu zitawaharibu wasichana. Katika wanafunzi wake walikuwamo Dorothea Beale na Frances Mary Buss, ambao baadaye waligeuza elimu ya wasichana katika nchi ile, na Sophia Jex-Blake aliyeshindana mpaka wanawake wakapata njia ya kuwa madaktari.

Mwaka huo huo wa 1848 ulikuwa mwaka wa msukosuko katika Ulaya. Tarehe 10 Aprili wafanya kazi walikusanyika London kudai haki ya kupiga kura, na serikali ikaweka askari tayari. Maurice alitaka kusaidia kulinda amani, akaambiwa kwamba mapadre hawapokewi kazi hiyo. Siku ile ilipita bila damu, lakini yeye na rafiki zake, John Ludlow na Padre Charles Kingsley, waliona kwamba Kanisa haliwezi kukaa kimya. Wakaanza kuandika gazeti, wakakutana na wafanya kazi, wakasikiliza matusi yao juu ya mapadre bila kukasirika. Mwaka 1850 walisaidia mafundi cherehani kufanya chama chao cha kushona na kugawana faida, na vyama vingine vikafuata. Vingi vilianguka upesi; lakini sheria ya mwaka 1852, iliyovipa vyama vya ushirika ulinzi wa serikali, ilitokana kwa sehemu kubwa na bidii ya watu hawa. Mambo hayo yaliwachukiza wakubwa wengi wa King's College. Walimvumilia, ila walikuwa wakimtazama.

Neno lililomwangusha halikuhusu ushirika. Mwaka 1853 alitoa kitabu cha insha za dini, na katika insha ya mwisho alieleza maana ya neno la milele katika Injili. Watu walilielewa kuwa ni wakati usio na mwisho, na adhabu ya milele kuwa ni mateso yasiyokoma. Maurice alisema kwamba neno hilo latuambia habari ya Mungu kwanza, wala si habari ya kuhesabu miaka. Uzima wa milele, kama Bwana alivyosema katika Injili ya Yohana, ni kumjua Mungu. Basi mauti ya milele ni kutomjua, kuupoteza upendo wake. Hakufundisha kwamba watu wote wataokoka hata iweje. Alikataa tu kuwawekea mpaka rehema za Mungu, au kusema yale asiyofunuliwa. Sisi wenye kusoma neno milele katika Kiswahili twajua jinsi lilivyo rahisi kulitamka na jinsi lilivyo zito kulieleza.

Mkuu wa King's College, Dr. Jelf, alimwandikia barua nyingi, akimtaka afafanue au ajiuzulu. Maurice hakukubali kujiuzulu, kwa kuwa aliona kwamba akiondoka kwa hiari atakuwa amekiri kwamba padre wa Kanisa lake hana ruhusa ya kusema hivyo. Mwezi wa Oktoba 1853 baraza la chuo lilikutana. Gladstone, aliyekuwa waziri wakati ule, alishauri kwamba jambo lipelekwe kwanza kwa wenye elimu ya dini walichunguze; wenziwe hawakukubali. Wakaamua kwamba mafundisho yake ni ya hatari kwa wanafunzi, na kwamba hana budi kuondoka. Akapoteza uprofesa wa dini, na ule wa vitabu na historia vile vile, ingawa hakuna aliyemshitaki kwa neno lo lote alilolisema juu ya vitabu na historia. Akajitenga pia na Queen's College, ili jina lake lisiwadhuru wasichana. Mtu aliyekataa kutia sahihi Cambridge kwa sababu hakuamini, sasa alifukuzwa London kwa sababu aliamini na akasema. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Wanasheria wa Lincoln's Inn hawakumwacha. Tennyson, mshairi mkuu wa Uingereza, aliyekuwa amemfanya Maurice baba wa ubatizo wa mwanawe, alimwandikia shairi la kumkaribisha kwake. Lakini faraja kubwa ilitoka kwa watu wasio na vyeo. Mwezi wa Desemba mwaka ule wafanya kazi wa London walimletea tamko la heshima lililotiwa sahihi na watu wengi mno, na baadhi yao walionyesha tumaini kwamba aliyekuwa profesa katika chuo cha wakubwa sasa awe mkuu wa chuo chao. Chuo hicho hakikuwapo bado.

Kikawapo. Mfano wake ulikuwa Sheffield, ambako chuo cha watu kilikwisha anzishwa mwaka 1842. Maurice alitoa hotuba sita juu ya kujifunza na kufanya kazi, fedha zikapatikana, na mwisho wa mwezi wa Oktoba 1854, mwaka mmoja tu baada ya kufukuzwa kwake, Chuo cha Wafanya Kazi kilifunguliwa katika nyumba moja ya Red Lion Square. Masharti yalikuwa machache: mwanafunzi awe amepita miaka 16, ajue kusoma, kuandika na hesabu za kwanza, na atoe ada kidogo. Sadaka hakutaka kuitoa, maana alijua kwamba anayepewa bure kama maskini hujiona maskini. Walimu ndio waliofundisha bila malipo. John Ruskin alifundisha kuchora, akaja na Dante Gabriel Rossetti. Furnivall alifundisha Kiingereza. Na Thomas Hughes, mwanasheria, hakujua afundishe nini, akafundisha kupigana ngumi, na darasa lake likajaa.

Maurice alilishika sana neno lenyewe la chuo. Palikuwa na nyumba nyingi za mafunzo kwa wafanya kazi, ambako bwana mmoja alikuja akahutubu juu ya nyota, juma la pili akaja mwingine akahutubu juu ya mvuke, watu wakapiga makofi wakaenda zao. Yeye alisema chuo ni ushirika wa watu, wafundishao na wafundishwao, wanaojuana na kukaa pamoja. Pasipo hayo pana majengo tu. Kwa hiyo mafundi waliofaulu waliweza wenyewe kupanda kuwa walimu. Naye mkuu hakukaa ofisini. Alifundisha Biblia, na historia ya Mfalme John kwa kuusoma mchezo wa Shakespeare. Kile kile walichomnyang'anya katika King's College, kukaa na kitabu kimoja pamoja na darasa moja, alikifanya tena kwa maseremala na wapiga chapa. Wala hakuwapunguzia ugumu.

Mwaka 1866 Cambridge ilimwita awe profesa wa elimu ya maadili, katika mji ule ule alioondoka bila shahada. Alikwenda, lakini ukuu wa Chuo cha Wafanya Kazi hakuuacha mpaka kufa. Alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko kusali, na vitabu vyake vingi alimtamkia mkewe akiandika, huku yeye akitembea chumbani. Alifariki tarehe 1 Aprili 1872, Jumatatu ya Pasaka, akazikwa Highgate pamoja na jamaa zake.

Thomas Hughes alimfuata katika ukuu wa chuo. Mwaka 1905 kilihamia jengo kubwa zaidi katika mtaa wa Crowndale, na mwaka 1965 kilianza kuwapokea wanawake. Queen's College nayo ingali katika mtaa wa Harley. Na King's College, iliyomfukuza, imeweka uprofesa wa elimu ya dini wenye jina la Maurice.