Bibi wa taa na wazee wa nyumba za maskini

Mwaka wa 2020, korona ilipotapakaa Uingereza, serikali ya huko ilifungua hospitali kubwa jijini London na kuipa jina la Florence Nightingale. Wagonjwa waliolazwa humo walikuwa wachache. Wakati huo huo wazee walikuwa wakifa kwa maelfu katika makao ya kutunzia wazee, na wagonjwa waliotolewa hospitalini walikuwa wakipelekwa huko bila kupimwa. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo haukuwa halali. Basi nimeona niwaeleze wasomaji habari za bibi huyu, kwani jina lake lilikumbukwa kuliko kazi yake.

Alizaliwa 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, nao ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Alipotaka kuwa muuguzi walimkatalia kwa miaka mingi, maana siku zile kazi hiyo ilikuwa ya wanawake maskini wasiosifika. Naye akashikilia, hata mwaka wa 1851 akaenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

Katika Vita vya Crimea, Uingereza na Ufaransa ziliungana na dola ya Uturuki kupigana na Urusi. Waingereza walipewa kambi ya Selimiye, iliyoko Üsküdar, ng'ambo ya bahari kutoka Istanbul ya kale, wakaifanya hospitali. Bibi Florence alifika Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38. Alisimamia usafi, chakula na nguo, na usiku alizunguka na taa yake kutazama wagonjwa. Hayo kila mtu ameyasikia. Lisilosemwa sana ni kwamba vifo vilizidi. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42, na wengi hawakuuawa na majeraha bali na kuhara, kipindupindu na homa. Machi wakaja wakaguzi wa afya, wakakuta jengo lile la fahari limekaa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, na katika njia ya maji mna mzoga wa farasi. Wakasafisha, wakaingiza hewa. Kufikia Juni waliokufa walikuwa kama 2 katika 100.

Hapa ndipo mimi ninapomheshimu. Aliporudi kwao mwaka wa 1856 watu walimwita shujaa. Angeweza kunyamaza akala sifa. Badala yake alikaa na mjuzi wa takwimu, William Farr, akahesabu maiti, na hesabu zikamwonyesha kwamba hospitali ile ile aliyoihudumia ilikuwa imeua askari wengi kwa uchafu wake. Akazichora hesabu hizo kwa rangi na kuwapelekea wakubwa, wapende wasipende.

Sasa nije kwa wazee. Uingereza ya wakati ule, mzee asiye na mali wala wa kumwangalia alimalizia siku zake katika nyumba ya maskini. Humo wazee, wenye homa, wenye wazimu na watoto walirundikwa pamoja, na waliowauguza walikuwa maskini wenzao, baadhi yao walevi. Homa ikiingia haikuwa na mlango wa kuizuia. Mwaka wa 1865, kwa fedha za tajiri William Rathbone, Bibi Florence alimpeleka Agnes Jones na wauguzi 12 katika nyumba ya maskini ya Liverpool, yenye wagonjwa zaidi ya 1,000. Agnes aliifanyia kazi kubwa, kisha Februari 1868 akafa humo humo kwa tifasi, homa iletwayo na chawa. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Bibi Florence alidai wagonjwa, wenye wazimu na wasiopona watengwe na maskini wengine, kila kundi lipewe mahali pake, na gharama ibebwe na mji mzima kwa kodi. Sheria ya mwaka wa 1867 haikumpa yote, lakini baada yake London ilijengewa hospitali za ndui na homa, mbali na nyumba za maskini.

Ajabu ni kuwa kwa miaka mingi hakukubali kwamba maradhi hupita kutoka mtu hadi mtu. Alilaumu hewa mbaya. Hata hivyo aliyoagiza ndiyo yaliyofaa: madirisha wazi, nafasi kati ya vitanda, shuka safi, muuguzi anawe mikono mara kwa mara. Huku kwetu pwani wazee wengi hukaa na wana wao, lakini nimeona mara nyingi bibi akipewa chumba cha ndani kabisa, dirisha limekomewa ati asipigwe na upepo, na wageni wenye mafua wakipishana kumpa mkono.

Yeye mwenyewe aliugua tangu kurudi vitani, akafanya kazi nyingi akiwa kitandani, na uzeeni akapofuka. Alikufa nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti 1910, umri wa miaka 90. Serikali ilitaka azikwe Westminster pamoja na wakubwa, jamaa zake wakakataa. Kaburi lake liko East Wellow, kijijini, na jiwe lake lina herufi mbili tu za jina lake na tarehe.