Heinrich Hertz: Jina Tunalolitaja Kila Tufunguapo Redio

Kila asubuhi tunapofungua matangazo, tunataja masafa yetu kwa megahezi. Msikilizaji anaijua namba hiyo kwa moyo, lakini huenda hajui kwamba ndani yake mna jina la mtu.

Heinrich Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1857, mtoto wa mwanasheria. Alianza kusomea uhandisi, akageukia fizikia, na mwaka 1880 akapata udaktari wake Berlin. Mwalimu wake, Hermann von Helmholtz, alikuwa bingwa wa elimu ya sauti na sikio.

Wakati huo James Clerk Maxwell wa Scotland alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba yapo mawimbi ya umeme yasiyoonekana. Hertz aliyathibitisha huko Karlsruhe, kati ya 1886 na 1888. Alirusha cheche upande mmoja wa chumba, na upande wa pili, kwenye pete ya waya yenye mwanya mdogo, ikatokea cheche nyingine. Hapakuwa na waya wa kuziunganisha. Yeye mwenyewe hakuona kama ugunduzi huo ungekuwa na matumizi yoyote.

Alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na miaka 36 tu. Aliacha mjane na binti wawili wadogo. Mwaka uliofuata, Guglielmo Marconi alianza kutuma ishara kwa mawimbi yale yale.

Mwaka 1930 jina lake lilipewa kipimo cha masafa. Hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde, uwe wa umeme au wa sauti. Uzi wa tano wa gitaa hutetema mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Mitetemo ikiongezeka, sauti huwa nyembamba. Ikipungua, huwa nzito. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi.

Sauti yetu peke yake husafiri hewani na kuishia mtaa wa pili. Ili ikufikie, tunaipandisha juu ya wimbi la redio: megahezi 100 ni mitetemo milioni 100 kwa sekunde.

Wanazi waliposhika Ujerumani, mjane na binti zake walihamia Uingereza, kwa kuwa ukoo wa Hertz ulikuwa na asili ya Kiyahudi. Familia ilifukuzwa kwao. Jina lilibaki kwenye kila redio.