LITTLE WALTER: Mwanagenzi wa barabarani aliyekivumisha kinanda cha mdomo

HARMONIKA, kile kinanda kidogo cha mdomo kinachotoshea katika kiganja cha mkono, kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa kichezeo cha watoto. Bei yake ilikuwa nafuu kiasi kwamba hata mwana wa maskini mashambani kusini mwa Marekani aliweza kuimiliki.

Miongoni mwa waliofuta dhana hiyo, hakuna anayetajwa zaidi ya Marion Walter Jacobs, aliyefahamika na wengi kama Little Walter. Alipofariki mnamo 1968 akiwa na umri wa miaka 37 pekee, alikuwa ameionyesha dunia kwamba harmonika inaweza kuongoza bendi nzima.

Walter alizaliwa Mei 1, 1930 katika mji wa Marksville, jimbo la Louisiana, na kulelewa karibu na Alexandria katika jimbo hilo hilo. Alianza kupuliza harmonika angali mtoto. Alipotimu umri wa miaka 12 hivi, aliacha masomo na kugura nyumbani akitafuta riziki.

Safari yake ilimpitisha New Orleans, Memphis, St. Louis na Helena, mji wa jimbo la Arkansas ulio kando ya mto Mississippi. Alifanya vibarua vya kila aina na kupiga muziki kando ya barabara, akitegemea sarafu za wapita njia.

Ugumu wa kazi aliyojitwika unaeleweka vyema mtu akikitazama chombo chenyewe. Harmonika ya kawaida ya bluzi ina matundu 10 na vilimi 20 vya shaba. Kila tundu lina vilimi viwili, kimoja hulia mchezaji anapopuliza na kingine anapovuta pumzi.

Mafundi wa Ujerumani walioieneza walikuwa wakifikiria nyimbo za kienyeji za kwao. Wanamuziki weusi wa Marekani ndio walioigeuza matumizi. Waligundua kwamba sauti za kuvuta pumzi ndizo zinazobeba majonzi ya bluzi, hivyo wakaichukua harmonika iliyotengenezewa sauti ya C na kuipigia nyimbo za sauti ya G.

Anayeanza kujifunza hukumbana na vizingiti viwili. Kwanza, ni sharti atoe sauti moja iliyo safi badala ya sauti mbili tatu zinazogongana. Pili, lazima ajue kubadilisha umbo la kinywa na koo huku akivuta pumzi, hadi sauti iteremke taratibu na kulia kama mtu aliyefiwa.

Hilo la pili ndilo huwakatisha wengi tamaa. Mpigaji gitaa anaweza kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kuweka vidole, lakini kazi ya ulimi na koo hufanyika gizani, ndani ya kinywa. Mwanagenzi hana budi kutegemea sikio lake mwenyewe, ajaribu, akosee, kisha arudie.

Walter aliwasikiliza wakubwa wawili waliotumia jina moja. Wa kwanza ni John Lee Williamson wa Tennessee, aliyejiita Sonny Boy, ambaye santuri zake zilianza kutoka 1937. Nyimbo za kwanza ambazo Walter alirekodi zinadhihirisha wazi jinsi alivyomwiga.

Wa pili ni Rice Miller, ambaye pia alijiita Sonny Boy Williamson. Huyu alisikika katika kituo cha redio cha KFFA mjini Helena kuanzia 1941. Walter alimfuata huko, akawa karibu naye na kujifunza ufundi wake.

Hata hivyo, kuiga pekee hakukumtosheleza. Alipenda mno saksafoni ya Louis Jordan, mwanamuziki aliyevuma sana katika miaka ya 1940. Badala ya kuishia kwenye midundo ya wapiga harmonika wenzake, alijitahidi kuzitoa kwa kinywa chake zile sauti ndefu na za haraka za saksafoni.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Walter alihamia Chicago, alikokuwa akimiminika umati wa Wamarekani weusi waliokimbia ufukara na ubaguzi wa kusini. Alipiga muziki katika soko la Maxwell Street, na mnamo 1947 akarekodi kwa mara ya kwanza katika chumba cha nyuma cha duka moja la santuri sokoni humo.

Jijini humo alikumbana na tatizo jipya. Gitaa zilikuwa zimeanza kutumia umeme, na katika kumbi zilizojaa kelele za walevi, harmonika haikusikika kamwe.

Suluhisho lake lilikuwa rahisi. Alikamata kipaza sauti kidogo pamoja na harmonika katika viganja vyake, akaviziba barabara, kisha akaunganisha waya kwenye mtambo wa kukuza sauti. Hakuwa wa pekee kutumia umeme, lakini wengine walitaka tu wasikike. Walter aliuchukulia mtambo wenyewe kuwa sehemu ya ala, akatumia mkwaruzo wake kuipa harmonika sauti nene na pana ambayo haikuwa imesikika awali.

Ustadi huo ulimpa nafasi katika bendi ya Muddy Waters mnamo 1948. Mei 12, 1952, wanamuziki hao walipokuwa studioni kurekodi nyimbo za Waters, walirekodi pia kibao cha Walter kisichokuwa na maneno, kilichopewa jina Juke.

Kibao hicho kilikaa kileleni mwa orodha ya nyimbo za R&B ya jarida la Billboard kwa wiki nane. Punde si punde, Walter aliihama bendi hiyo na kuanza kuongoza kundi lake mwenyewe, ingawa aliendelea kurekodi na Waters. Kufikia 1958 alikuwa amefikisha nyimbo 14 katika kumi bora za orodha hiyo, ukiwemo My Babe wa 1955, uliotungwa na Willie Dixon na ambao pia ulishika nafasi ya kwanza.

Lakini aliyeweza kuitawala pumzi yake alishindwa kuitawala hasira yake. Ulevi na ugomvi vilimwandama, na sura yake ikajaa makovu. Ladha za mashabiki nazo zilikuwa zimebadilika na mapato yakapungua, japo alizuru Uingereza mnamo 1964 na kurejea Ulaya 1967.

Februari 1968, akiwa katika mapumziko ya tamasha jijini Chicago, alihusika katika rabsha na kujeruhiwa. Majeraha hayo hayakuonekana kuwa makubwa, ila alfajiri ya Februari 15 alifariki usingizini.

Alizikwa katika makaburi ya St. Mary's, Evergreen Park, nje kidogo ya Chicago. Kwa zaidi ya miaka 20 kaburi lake halikuwa na alama yoyote, hadi 1991 mashabiki walipomwekea jiwe. Mnamo 2008 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, akiwa wa kwanza kutunukiwa hadhi hiyo kwa sababu ya kupiga harmonika.

Hadi leo, wanaojifunza bluzi kwa harmonika huichukua Juke kuwa kipimo chao. Huisikiliza tena na tena, hujaribu, hukosea na kurudia, jinsi Walter mwenyewe alivyofanya akiwa kijana kando ya barabara za kusini.