Charles Messier na Viwingu vya Mashuke

Charles Messier alizaliwa tarehe 26 Juni 1730 huko Badonviller, katika eneo la Lorraine ambalo sasa ni sehemu ya Ufaransa. Babake alifariki mwaka wa 1741. Kilichomfungulia milango ya Paris mwaka wa 1751 hakikuwa elimu ya juu bali mwandiko nadhifu: Joseph Nicolas Delisle, mwanafalaki wa jeshi la majini, alihitaji karani wa kuchora na kuweka kumbukumbu.

Delisle alikokotoa njia ambayo nyotamkia ya Halley ingepitia ikirejea, akamkabidhi karani wake ramani. Ramani hiyo ilikuwa na kosa. Messier alitafuta mahali pasipo kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi alipoiona nyotamkia nje ya njia ile tarehe 21 Januari 1759. Hakujua kwamba Mjerumani Johann Palitzsch alikuwa keshaiona mwezi uliotangulia. La kusikitisha ni kwamba Delisle alimkataza kutangaza hadi Aprili, na alipotangaza, baadhi ya wenzake walimshuku. Utiifu wa aina hiyo, kwa maoni yetu, ulimgharimu mno.

Tangu hapo alisaka nyotamkia kwa bidii ya ajabu. Adui yake alikuwa viwingu hafifu vya mwanga vilivyofanana nazo. Nyotamkia huhama usiku baada ya usiku. Viwingu hivi havikuhama. Kimoja kilikuwa kimemhadaa mwaka wa 1758, naye akaanza kuviorodhesha ili visimpotezee wakati tena. Orodha ya kwanza, iliyochapishwa mwaka wa 1774, ilikuwa na viwingu 45.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1781, akielekeza darubini yake ndogo kwenye kundinyota la Mashuke, alisajili vinane kwa mkupuo, nambari 84 hadi 91, akashangazwa na wingi wao mahali pamoja. Majira ya machipuko ya Ulaya ndiyo yaliyomwezesha, kwani wakati huo anga ya usiku hutazama mbali na vumbi la Njia Nyeupe, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. (Hata hapa Kenya, Mashuke huwa juu ya vichwa vyetu usiku wa manane mwishoni mwa Machi, mawingu ya masika yakiruhusu.) Messier hakuweza kujua kuwa alikuwa akitazama galaksi, zilizo umbali wa takriban miaka nuru milioni 54. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble athibitishe kwamba kuna galaksi nje ya yetu.

Novemba mwaka uo huo alitumbukia katika ghala la barafu la chini ya ardhi, akavunjika mkono, paja na mbavu. Alilala karibu mwaka mzima. Kisha yakaja Mapinduzi. Alipoteza mshahara wake, na Bochart de Saron, rafikiye aliyemkokotolea njia za nyotamkia, alikatwa kichwa mwaka wa 1794. Mzee aliendelea kuchungulia anga hadi macho yalipofifia. Alifariki Paris tarehe 12 Aprili 1817.

Nyotamkia alizozigundua leo hutajwa na wachache. Lakini tarehe 10 Aprili 2019 wanasayansi walipoonyesha picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, shimo hilo lilikuwa katikati ya galaksi iitwayo M87: kiwingu cha 87 katika orodha ya vitu ambavyo Messier alitaka wasakaji wa nyotamkia wavipuuze.