Pestalozzi: Mwalimu Aliyewarejeshea Imani Yatima wa Vita

Tarehe 14 Januari 1799, katika mji mdogo wa Stans ulioko katikati ya Uswisi, jengo lililokuwa bado mikononi mwa mafundi lilifunguliwa ili kuwapokea watoto walioachwa bila wazazi na vita. Aliyekabidhiwa watoto hao ni Johann Heinrich Pestalozzi, ambaye siku mbili kabla alikuwa ametimiza umri wa miaka 53. Hakuwa na mwalimu msaidizi hata mmoja. Aliyekuwa pamoja naye ni mwanamke mmoja tu wa kutunza nyumba.

Kazi hiyo ilidumu kwa muda usiofikia miezi mitano. Hata hivyo, ndiyo iliyompatia Pestalozzi hoja aliyoitetea hadi mwisho wa maisha yake: kwamba mtoto aliyejeruhiwa nafsi hawezi kupokea somo kabla hajampata mtu mzima wa kumwamini.

Pestalozzi alizaliwa tarehe 12 Januari 1746 katika mji wa Zürich. Baba yake, aliyekuwa mganga wa upasuaji, alifariki dunia mwaka 1751, akamwacha mjane na watoto wadogo katika hali ya uhitaji. Familia hiyo isingeweza kusimama bila mtumishi wa ndani aliyeitwa Babeli, aliyemwahidi marehemu katika saa zake za mwisho kwamba hatawaacha watoto wake. Babeli alitimiza ahadi hiyo kwa kubaki nao miaka mingi, akibana kila senti ili watoto wapate chakula na elimu. Hivyo Pestalozzi alijifunza mapema kwamba mtu asiye na cheo wala mali anaweza kuwa nguzo ya maisha ya mtoto.

Katika likizo alimtembelea babu yake, mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg, na kufuatana naye kwenda shuleni na katika nyumba za maskini. Huko aliwaona watoto wa wakulima wakidhoofika kwa kazi nzito na ukosefu wa malezi.

Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Zürich, na wakaanza maisha ya kilimo karibu na kijiji cha Birr, katika shamba walilolipa jina la Neuhof. Kilimo hakikufanikiwa. Mwaka 1774 Pestalozzi aliligeuza shamba hilo kuwa makazi ya watoto maskini, waliofanya kazi ya kusokota na kufuma huku wakijifunza kusoma na kuhesabu. Alitarajia kwamba mapato ya kazi zao yangegharimia matunzo yao. Hesabu hiyo haikutimia, na mwaka 1780 makazi hayo yalifungwa kwa kukosa fedha, huku sehemu kubwa ya mali ya mke wake ikiwa imepotea.

Kwa takriban miaka 18 iliyofuata alijulikana zaidi kama mwandishi. Riwaya yake ya Lienhard und Gertrud, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1781, inamwonesha mama wa kijijini anayelea watoto wake kwa hekima mpaka kijiji kizima kinajifunza kwake. Kitabu hicho kilimpa umaarufu, na mwaka 1792 Ufaransa ilimtunukia uraia wa heshima. Pamoja na sifa hizo, watu wengi waliendelea kumwona kuwa ni mtu wa mawazo makubwa asiyeweza kusimamia jambo likafika mwisho.

Hali ya nchi ndiyo iliyomrudisha kwa watoto. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, na serikali mpya ya Jamhuri ya Helvetia ikaundwa. Wananchi wa Nidwalden, eneo la milimani ambalo mji wake mkuu ni Stans, walikataa kuapa utii kwa katiba mpya. Tarehe 9 Septemba 1798 askari wa Ufaransa waliwashambulia. Mamia ya watu waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto, na mamia ya nyumba ziliteketezwa kwa moto. Watoto wengi walibaki bila wazazi, na wengine walizunguka wakiombaomba.

Serikali iliamua kufungua makao ya yatima katika jengo la nyumba ya watawa mjini Stans, na kwa kuungwa mkono na Waziri wa Sanaa na Sayansi, Philipp Albert Stapfer, Pestalozzi alipewa jukumu la kuyaongoza. Alifika kabla jengo halijawa tayari. Jiko halikuwa limekamilika, vyumba vilikuwa na unyevu, na vumbi la chokaa lilijaa kila mahali katikati ya majira ya baridi.

Watoto waliletwa wakiwa katika hali ya kusikitisha. Wengi walikuwa na upele, chawa na vidonda vichwani, na baadhi walikuwa wamekonda hadi mifupa kuonekana. Hali ya nafsi zao ilikuwa nzito vilevile. Wako waliokuwa na woga na kutomwamini mtu yeyote, wako waliokuwa wakali, na wako waliozoea kudanganya kwa sababu maisha ya kuombaomba yaliwafunza hivyo. Ni wachache sana waliojua herufi.

Yeye mwenyewe pia hakupokelewa kwa moyo mweupe. Wenyeji wa Nidwalden walikuwa Wakatoliki, naye alikuwa Mprotestanti. Zaidi ya hayo, alikuwa ametumwa na serikali ileile ambayo kwa ajili yake ndugu zao walikuwa wameuawa. Baadhi ya jamaa waliwaleta watoto kwa shaka na kuja kuwachukua tena wakati wowote. Kwa mtoto aliyeshuhudia nyumba yake ikiungua, mgeni huyo hakuwa na sababu yoyote ya kuaminiwa.

Pestalozzi hakuanza kwa kuwahutubia wala kwa kutangaza kanuni. Alikula chakula walichokula wao na kulala katikati yao. Jioni alikuwa wa mwisho kwenda kulala na asubuhi wa kwanza kuamka. Wakiwa vitandani, aliendelea kuzungumza na kuomba nao mpaka usingizi ulipowachukua. Walipougua aliwauguza, na aliwaosha na kuwasafisha vidonda kwa mikono yake. Msaada waliohitaji, faraja waliyotafuta na somo walilopewa vyote vilitoka kwa mtu yuleyule, siku baada ya siku.

Kutokana na kazi hiyo alipata mpangilio wa malezi alioueleza baadaye katika barua yake ndefu kuhusu Stans, iliyochapishwa mwaka 1807. Jambo la kwanza ni kukidhi mahitaji ya mtoto ya kila siku, ili moyo wake uonje wema kabla haujatakiwa kuwa mwema. La pili ni kumpa nafasi ya kutenda wema huo kwa wenzake, ili uwe mazoea. Maneno na maonyo huja mwisho, yakiwa maelezo ya jambo ambalo mtoto tayari amelionja na kulitenda. Shule nyingi za wakati huo zilifuata mpangilio ulio kinyume, zikianza na maneno ya kukaririwa na adhabu kwa asiyekariri.

Mpangilio huo ulipimwa mwezi Aprili 1799, mji wa Altdorf katika jimbo jirani la Uri ulipoteketea kwa moto. Pestalozzi aliwakusanya watoto na kuwaeleza kuwa huko kulikuwa na watoto wengine wasio na makazi wala chakula. Aliwauliza kama wangependa serikali iombwe kuwaleta karibu 20 kati yao katika makao yale. Hakuwaficha gharama yake: fedha zilikuwa chache, chakula kingepungua, kazi ingeongezeka, na huenda wangelazimika kugawana hata nguo zao. Watoto walikubali waletwe. Miezi michache tu nyuma, wengi wao walikuwa wakigombania kipande cha mkate.

Masomo nayo yalifuata njia hiyohiyo. Watoto walikuwa wamefikia karibu 80, wa umri na uwezo tofauti, na mwalimu alikuwa mmoja. Pestalozzi aliwaweka waliojua kidogo katikati ya wasiojua, ili wawasaidie. Mtoto aliyejifunza herufi asubuhi alimfundisha mwenzake baadaye, na kwa kufanya hivyo aliona kuwa naye ana thamani. Aliwazoeza pia kukaa kimya kwa muda mfupi, wakisikiliza na kutazama, jambo lililowatuliza watoto waliozoea fujo na hofu.

Historia haimwoneshi kuwa mtu asiye na kasoro. Katika barua hiyohiyo alikiri kwamba nyakati fulani aliwaadhibu watoto kwa kuwapiga, na alijitetea kwa hoja kwamba wao walijua anawapenda. Utetezi huo hauwezi kukubalika leo, hasa kwa watoto waliokwisha kuumizwa na watu wazima. Lakini kukiri huko kunaonesha pia mipaka ya mtu mmoja aliyebeba peke yake mzigo uliostahili watu wengi. Afya yake ilidhoofika, na alikuwa akitema damu.

Tarehe 8 Juni 1799 kazi ilikatishwa. Vita vilikuwa vimerudi katika eneo hilo, na jengo lilihitajika kuwa hospitali ya askari wa Ufaransa. Watoto wengi waliondolewa, wachache wakabaki chini ya uangalizi wa watu wengine. Pestalozzi alikwenda milimani kutafuta nafuu, akiwa na huzuni ya kutenganishwa na watoto waliokuwa wameanza kumwamini. Kwa watoto hao, walioanza kushikamana na mtu mzima wakampoteza tena, kufungwa huko kulikuwa hasara ambayo hakuna hesabu ya serikali iliyoiandika.

Mwaka huohuo alianza kufundisha katika mji wa Burgdorf, na mwaka 1801 akatoa kitabu cha Wie Gertrud ihre Kinder lehrt, kilichoeleza mbinu zake za ufundishaji. Kuanzia mwaka 1805 hadi 1825 aliongoza taasisi ya elimu katika ngome ya Yverdon, iliyovuta wageni kutoka nchi nyingi za Ulaya. Serikali ya Prussia ilituma vijana wakajifunze ualimu kwake. Friedrich Fröbel, ambaye baadaye alianzisha shule za watoto wadogo zinazojulikana leo kama chekechea, alikaa Yverdon kuanzia mwaka 1808 hadi 1810. Katika kazi zake zote Pestalozzi alisisitiza kuwa elimu ikuze kwa pamoja akili, moyo na mikono ya mtoto.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Mwanawe wa pekee, aliyeugua kifafa, alifariki mwaka 1801, na mkewe Anna akafariki mwaka 1815. Ugomvi kati ya walimu uliidhoofisha taasisi ya Yverdon mpaka ikafungwa. Pestalozzi alirejea Neuhof, na tarehe 17 Februari 1827 alifariki dunia katika mji wa Brugg. Alizikwa Birr, kando ya shule ya kijiji.

Miaka 119 baadaye, mwaka 1946, Ulaya ikiwa imetoka katika Vita Kuu ya Pili, kijiji cha watoto kilichopewa jina lake kilianzishwa Trogen, mashariki mwa Uswisi, kufuatia wito wa mwanafalsafa Walter Robert Corti. Yatima kutoka nchi zilizopigana walipokelewa humo na kuishi katika nyumba ndogo, kila nyumba ikiwa na walezi wake, huku wakisoma. Waanzilishi walitambua kwamba mtoto wa vita anahitaji zaidi ya kitanda na darasa. Anahitaji mtu anayemjua kwa jina na ambaye kesho atakuwapo.

Mwaka 1846, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, kaburi la Pestalozzi liliwekewa mnara wa kumbukumbu katika ukuta wa shule mpya ya Birr. Maandishi yake yanataja vituo vya maisha yake kimoja baada ya kingine. Kwa Burgdorf anatajwa kwa shule aliyoianzisha, na kwa Yverdon kwa mchango wake katika elimu ya wanadamu wote. Kwa Stans, alikokaa miezi michache tu, anatajwa kuwa baba wa yatima.