Andrew Foster: Kiziwi aliyetufundisha kuzungumza na wazazi

Kama una mtoto asiyegeuka unapomwita, au umeshaambiwa hospitali kuwa hasikii, makala ya leo ni yako. Nakusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa daktari, lakini natamani kila mtaalamu wa usikivu na matamshi ajifunze kwake.

Andrew Foster alizaliwa Juni 27, 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1936, Andrew akiwa na miaka 11, yeye na ndugu yake waliugua homa ya uti wa mgongo. Walipona, ila wote wawili wakabaki viziwi. Ugonjwa huo tunao hata kwetu, na unaweza kuharibu sehemu ya ndani ya sikio. Mtoto wako akiruhusiwa kutoka wodini baada ya kuuugua, omba apimwe usikivu mapema, hata kama anaonekana mzima.

Enzi hizo Alabama iliwatenga weusi na weupe. Foster alisoma Talladega, katika shule ya viziwi weusi ambayo masomo yake yaliishia madarasa ya chini. Akiwa kijana alihamia Detroit, akajiendeleza kwa njia ya posta hadi akapata cheti cha sekondari mwaka 1951. Chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, kilikuwa kimemkataa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huo kikampokea, na mwaka 1954 akahitimu shahada. Anatambuliwa kuwa mweusi wa kwanza kufanya hivyo chuoni hapo.

Mwaka 1957 alikuja Afrika Magharibi na kufungua shule ya viziwi Accra, Ghana, mwaka uleule nchi hiyo ilipopata uhuru. Alipouliza walipo watoto viziwi, aliambiwa hawapo. Kumbe walikuwepo, wamefichwa ndani. Kuna wazazi walioona aibu, kuna walioamini ni laana, na kuna walioona ni kupoteza ada kumsomesha mtoto asiyesikia.

Foster hakuwa na dawa ya kurudisha usikivu. Alichokuja nacho ni yeye mwenyewe. Mzazi alimwona mtu mzima, mweusi kama yeye, kiziwi, msomi, anayesafiri na kuongoza shule. Mwaka 1961 alimwoa Berta, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi, wakajaliwa watoto. Kila mzazi anayepewa habari hii hujiuliza moyoni mtoto wangu atakuwa nani. Kipimo cha sikio hakijibu swali hilo. Maisha ya Foster yalilijibu.

Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, zikiwemo jirani zetu Burundi na Kongo. Aliwafundisha pia viziwi wa Kiafrika kuwa walimu na viongozi, kwenye kituo chake cha Ibadan, Nigeria, ili familia zikutane na kiziwi wa nchi yao wenyewe. Alifariki Desemba 3, 1987, ndege ndogo aliyopanda kuelekea Kenya ilipoanguka Rwanda.

Kwa nini nakusimulia haya? Miaka kumi na mitano iliyopita, nikiwa daktari mchanga, mama mmoja kutoka Momba aliniletea binti wa miaka minne. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia kwa dakika mbili kuwa mtoto ni kiziwi, nikamwandikia rufaa ya kwenda Mbeya, nikamwita mwingine. Alikunja karatasi, akatoka.

Miaka minne baadaye nilimkuta sokoni Tunduma akiuza nyanya. Binti alikuwa pembeni yake, akipanga mafungu. Hakuwahi kufika Mbeya wala kuingia darasani. Mama alinieleza kwamba baada ya neno kiziwi hakusikia tena nililosema, akarudi nyumbani akiamini anaadhibiwa. Majibu yangu yalikuwa sahihi. Namna nilivyoyatoa ndiyo iliyompotezea yule binti miaka minne.

Hii ndiyo kazi ya unasihi, na hufundishwa kama kutumia kipimo kunavyofundishwa. Mtaalamu hufunga mlango, huuliza kwanza mzazi anaelewa nini, husema kwa maneno machache, kisha hunyamaza na kumwacha mzazi alie. Humpangia siku ya kurudi, na humkutanisha na mzazi mwenzake au kiziwi mtu mzima. Siku hizi Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili kinafundisha shahada ya usikivu na matamshi. Naomba wanafunzi hao wafanye mazoezi ya unasihi chini ya uangalizi, bibi na baba wakiwepo, na ikibidi kwa msaada wa anayejua Kinyiha au Kinyamwanga, kabla hawajakabidhiwa wagonjwa peke yao.

Nawe mzazi, usiingie chumba cha majibu peke yako. Nenda na mwenzako, maana masikio mawili husahau. Omba uelezewe tena pale usipoelewa. Kabla hujatoka, uliza mambo manne: tunarudi lini, mtoto anahitaji kifaa gani, atasoma shule ipi, na sisi nyumbani tutajifunza wapi lugha ya alama. Usikubali aitwe bubu. Na ukisikia kuna mtoto amefichwa kwa jirani, nenda ukabishe hodi, kwa upole.