Baron Ricasoli: Mrithi wa madeni aliyeipa Chianti jina

KATIKA hoteli na migahawa ya Masaki na Oysterbay, wilayani Kinondoni, huandaliwa mara moja moja chakula cha jioni ambacho mlaji hachagui kinywaji chake. Kila sahani huja na mvinyo wake. Tambi huja na huu, nyama ya kuchoma huja na ule, na mtu husimama mbele ya wageni kueleza zabibu zimelimwa mkoa gani wa Italia, zimelimwa na nani, na kwa nini mvinyo huo unafaa na chakula hicho.

Mfanyabiashara mwenye grosari Tandika au Mbagala, wilayani Temeke, akiisikia bei ya chakula hicho atashangaa. Chupa ni chupa, na zabibu ni zabibu. Mgeni yule analipia nini cha ziada?

Jibu ni kwamba analipia jina la mahali. Akisikia Toscana, Piemonte au Veneto anaamini kwamba kilichomo ndani ya chupa kinafanana na jina lililoandikwa juu yake. Imani hiyo ndiyo mtaji, na mtaji huo una watu walioujenga. Mmoja wao ni Baron Bettino Ricasoli, ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na mvinyo wa Chianti.

Urithi wa madeni

Ricasoli alizaliwa Firenze mwaka 1809, katika ukoo wa makabaila uliomiliki ngome na mashamba ya Brolio tangu mwaka 1141. Brolio iko katika vilima vya Chianti, kati ya miji ya Firenze na Siena.

Kwa mbali ungedhani kijana huyo alizaliwa tajiri. Ukweli ni kwamba baba yake alifariki dunia yeye akiwa mtoto, na mama yake akafuata kabla kijana hajafikisha miaka 20. Walichomwachia ni ardhi kubwa iliyolemewa na madeni, pamoja na wadogo zake wawili wa kiume wa kutunza.

Wengi wa tabaka lake walikaa mjini na kusubiri wasimamizi wawaletee mapato ya shamba. Ricasoli alifanya kinyume. Alihamia Brolio na kukagua mashamba mwenyewe. Mwaka 1843 aliandika kanuni za kilimo kwa ajili ya shamba hilo, zikieleza kazi zinavyotakiwa kufanywa. Hakuwa mtu wa mzaha, na ukali wake ulimpa jina la Baron wa Chuma.

Ni vizuri kusema pia upande wa pili. Wakulima waliolima ardhi yake walifanya kazi kwa mfumo wa nusu kwa nusu, yaani nusu ya mavuno ya mkulima na nusu ya mwenye ardhi. Mfumo huo ulidumu Toscana hadi karne ya 20. Jina la Chianti lilijengwa pia kwa mikono ya watu hao, ambao historia haikuyaandika majina yao.

Zabibu tatu, mvinyo wa aina mbili

Wakati huo mvinyo wa Toscana ulinywewa zaidi karibu na ulikotengenezwa. Ukisafirishwa mbali, mara nyingi uliharibika. Wafaransa walikuwa wameshatangulia katika biashara ya kuuza nje, hivyo mwaka 1851 Ricasoli alisafiri hadi Ufaransa kujionea wanavyolima na wanavyotengeneza.

Aliporudi aliendelea na majaribio. Alipanda aina mbalimbali za mizabibu, akatengeneza mvinyo wa kila aina peke yake, kisha akachanganya kwa vipimo na kungoja miaka ipite aone matokeo. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1872 alimwandikia barua Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa, akimweleza alichokipata. Zabibu ya kwanza ni Sangiovese, nyekundu, inayoupa mvinyo nguvu na harufu yake. Ya pili ni Canaiolo, nyekundu pia, inayopunguza ukali wa ile ya kwanza. Ya tatu ni Malvasia, nyeupe, inayoufanya mvinyo uwe mwepesi na wa kunywewa mapema, katika mlo wa kila siku.

Lakini aliweka tahadhari. Mvinyo unaokusudiwa kuhifadhiwa kwa miaka mingi haufai kuwekwa ile zabibu nyeupe. Kwa maneno mengine, barua ile ilikuwa na kanuni za mvinyo wa aina mbili, wa kila siku na wa kuhifadhi. Ndugu msomaji, usiisahau tofauti hiyo.

Mkulima aliyekuwa Waziri Mkuu

Wakati huo Italia ilikuwa imegawanyika katika tawala ndogo ndogo. Mwaka 1847 Ricasoli alishiriki kuanzisha gazeti la La Patria lililotaka mageuzi. Mwaka 1859 mtawala wa Toscana alipoondoka, Ricasoli alishika uongozi wa eneo hilo, na Machi 1860 wananchi wakapiga kura ya kuungana na ufalme wa kaskazini.

Juni 1861 Waziri Mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana, Camillo Cavour, alifariki dunia. Cavour naye alikuwa mkulima aliyejali mvinyo wa mkoa wake wa Piemonte. Ricasoli ndiye aliyemrithi, akashika wadhifa huo hadi Machi 1862. Aliushika tena kuanzia Juni 1866 hadi Aprili 1867.

Ile barua ya mwaka 1872 aliiandika baada ya kuondoka madarakani. Wadhifa ulipokwisha alirudi shambani, na alifariki dunia huko Brolio Oktoba 1880.

Jina laporomoka, lainuliwa

Kifo chake hakikumaliza hadithi. Mvinyo wa Chianti ulipopata sifa, wengi nje ya vilima vile walitaka kulitumia jina hilo. Mwaka 1924 wakulima 33 wa eneo la asili waliunda umoja wa kulilinda, na alama yao ikawa jogoo mweusi. Hata hivyo, mwaka 1932 serikali iliruhusu jina litumike katika eneo kubwa zaidi, na wale wa asili wakabaki na neno la ziada, Classico.

Pigo lingine lilikuja mwaka 1967. Sheria ya Chianti ya mwaka huo ililazimisha zabibu nyeupe kati ya asilimia 10 na 30. Ni kama waliichukua kanuni ya Ricasoli ya mvinyo wa kila siku na kuitupa ile ya mvinyo wa kuhifadhi. Mvinyo mwepesi ulijaa sokoni, na Chianti ikajulikana kama kinywaji cha bei poa. Baadhi ya watengenezaji bora waliona heri kuuza bila jina hilo.

Kurekebisha kulichukua miaka mingi. Mwaka 1984 kiwango cha zabibu nyeupe kilipunguzwa sana, na kuanzia mavuno ya mwaka 2006 zikapigwa marufuku kabisa katika Chianti Classico. Leo ndiyo chupa inayosifiwa mezani Masaki.

Dodoma ijifunze nini?

Nasi tuna mkoa wa zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Chianti haiwezi. Kuna kituo cha utafiti Makutupora na kuna viwanda. Hata Waitaliano wana sehemu katika historia hiyo, kupitia wamisionari Wapasionisti waliolima zabibu Bihawana.

Lakini mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anajua uchungu wa zabibu kuiva bila mnunuzi, au wa kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei ya kutupa kwa sababu hauwezi kungoja. Hayo ni madeni ya leo, kama yale aliyoyakuta Ricasoli.

Maisha yake yanaonyesha njia. Kwanza, kila aina ya zabibu ivunwe na kukamuliwa peke yake, na kumbukumbu ziandikwe. Pili, mvinyo wa kila siku wa grosari za Temeke na mvinyo wa kuhifadhi unaolenga meza za Masaki visichanganywe, wala visiuzwe kama kitu kimoja. Vyote vina wateja. Tatu, wakulima wenyewe, kupitia ushirika wao, wakubaliane ni nini kinastahili kuitwa mvinyo wa Dodoma, na wasingoje mtu wa mbali awaamulie.

Chianti ilichukua zaidi ya miaka 20 ya majaribio kujenga jina, na karibu miaka 40 kusahihisha kosa la sheria moja. Dodoma ina nafasi ya kuanza na kanuni nzuri kabla jina lake halijachafuka.